Kabla ya nyaya za meno, mjue atakayepasua taya

KWA miaka mingi binti yetu alicheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Wageni walidhani ni haya ya msichana aliyelelewa vyema. Sisi wa nyumbani tulijua sababu. Taya lake la chini lilikuwa limetangulia mbele ya lile la juu, hata meno ya chini yakawa yanapita nje ya meno ya juu. Hakuweza kukata chapati kwa meno ya mbele. Aliirarua kwa vidole na kuisukuma hadi kwenye magego. Shuleni walimpa jina ambalo sitaliandika hapa.

Alipokuwa Kidato cha Tatu, akiwa na umri wa miaka 16, tulimpeleka kwa daktari wa meno hapa Nairobi. Daktari alimtazama kwa dakika chache, akasema dawa yake ni nyaya. Angeng'oa meno mawili ya taya la chini, moja kila upande, kisha nyaya zivute meno ya mbele kurudi nyuma hadi yakutane na ya juu. Miaka miwili na kazi kwisha. Tulipewa karatasi ya kutia sahihi na siku ya kurudi kung'olewa meno.

Jioni hiyo shangazi yake, ambaye ni muuguzi, alitutembelea. Aliisoma ile karatasi, akamtazama mtoto usoni kwa upande, kisha akaniuliza:

"Wifi, mmemwona mpasuaji?"

"Mpasuaji wa nini? Si ni meno tu haya?" nikamjibu.

"Meno yenyewe yana kosa gani? Mtazame kidevu. Hapa kilichokosea njia ni mfupa."

Swali hilo ndilo lililookoa meno mawili ya mtoto wetu. Nimeona niandike tuliyojifunza tangu siku hiyo, kwa maana nyumba nyingi mjini siku hizi zina kijana mwenye nyaya mdomoni, na si wazazi wengi wanaojua kwamba kuna hali ambapo mtu wa kutafutwa mapema ni mpasuaji.

Meno au mfupa?

Kuna meno yaliyopinda au kusongamana ndani ya mataya yaliyo sawa. Hayo nyaya huyamudu. Lakini kuna mataya ambayo yenyewe hayalingani. Moja limekua kuliko lingine, au limebaki nyuma, au limekua kwa upande. Nyaya husogeza meno ndani ya mfupa. Haziwezi kulisogeza taya la mtu aliyemaliza kukua.

Dalili za mataya yasiyolingana huonekana hata na asiye daktari: kidevu kilichotangulia sana au kilichorudi sana nyuma, uso uliokwenda upande, au meno ya mbele ambayo hayagusani hata mtu anapouma kwa magego. Wengine wenye taya dogo lililorudi nyuma hukoroma sana na pumzi hukatika wanapolala. Si kila mwenye dalili hizi anahitaji kisu. Tofauti ikiwa ndogo, meno huweza kuinamishwa kidogo ili kuificha, na mtu akaishi vizuri maisha yake yote. Mtoto ambaye bado anakua naye huenda akasaidiwa na vifaa vya kuongoza ukuaji. Tofauti ikiwa kubwa na ukuaji umekwisha, ndipo upasuaji unapozungumzwa.

Sasa, msomaji, hapa ndipo penye jambo ambalo hatukuambiwa siku ile ya kwanza. Njia hizo mbili, ya kuficha na ya kupasua, huelekea pande mbili tofauti.

Taya la chini linapotangulia, maumbile yenyewe hujaribu kuziba pengo. Meno ya juu huinama mbele kuyafuata ya chini, na ya chini huinama nyuma. Daktari anayeficha kasoro huongeza kuinama huko. Daktari anayemtayarisha mgonjwa kwa upasuaji hufanya kinyume. Huyasimamisha meno ya kila taya wima juu ya mfupa wake, ili siku mfupa utakaposogezwa meno yakutane yenyewe. Kwa hivyo ikiwa ni lazima kung'oa, anayeficha aghalabu hung'oa meno ya chini, na anayetayarisha upasuaji aghalabu hung'oa ya juu. Kwa mtu ambaye kidevu kimerudi nyuma, mambo hugeuka: kuficha huondoa ya juu.

Jino la kudumu likishang'olewa haliოti tena. Mtoto wetu angeng'olewa meno ya chini, nyaya zikavuta kwa miaka miwili, kisha tukagundua kwamba kilichohitajika ni upasuaji, ingebidi kazi yote ifumuliwe na kuanzwa upya kwa nafasi ambazo hazikutakiwa kuwapo.

Ndiyo sababu nasema mpasuaji atafutwe kabla ya waya wa kwanza kubandikwa. Seremala hatengenezi mlango kabla ya kumuuliza mwashi upana wa nafasi. Mtaalamu wa kunyoosha meno na mpasuaji ni lazima wakae pamoja, watazame eksirei zile zile, na kuandika mpango mmoja. Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Hapa hawana budi kukaa.

Safari yenyewe ni ndefu

Nyaya za kutayarisha hukaa kwa kawaida kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Kisha huja upasuaji, na nyaya huendelea miezi sita hadi mwaka mzima baadaye ili kukamilisha kuumana kwa meno. Zikitolewa, kuna vifaa vya kuvaa ili meno yasirudi yalikotoka.

Katika kipindi cha kwanza sura huharibika kabla ya kutengenea. Kwa kuwa meno yanaondolewa katika kule kuinama kwake, pengo la mataya linajitokeza wazi zaidi. Binti yetu alilia mwezi wa nane. "Mama, mbona nazidi kuwa mbaya?" Tungekuwa hatujaambiwa mapema, tungemkimbilia daktari mwingine.

Umri nao una neno. Mifupa ya taya ya wasichana wengi hutulia wakiwa kati ya miaka 15 na 17, na ya wavulana kati ya 17 na 21. Taya la chini lililotangulia ndilo husumbua zaidi kwa sababu huweza kuendelea kukua kimya kimya. Likipasuliwa mapema mno, kazi huharibika. Daktari mwangalifu hupiga eksirei ya uso wa upande, husubiri miezi sita au mwaka, hupiga nyingine na kuzilinganisha. Ikiwa magego ya mwisho ya chini yanatakiwa kutolewa, wapasuaji wengi hutaka yatoke kiasi cha miezi sita kabla, ili mfupa ujazie mahali pale.

Upasuaji wenyewe si jambo la jana. Mwaka 1849, huko Wheeling, Marekani, Simon Hullihen alikata na kurekebisha taya la chini la msichana ambaye makovu ya moto yalikuwa yamelivuta vibaya. Lakini kazi tunayoiona leo ilipata sura yake kutoka kwa Hugo Obwegeser, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi Zürich. Mwaka 1957, yeye na mwalimu wake Richard Trauner waliwaeleza wasomaji wa Kiingereza namna ya kulipasua taya la chini kupitia ndani ya mdomo. Mfupa hupasuliwa kila upande kama ubao unaochanwa kwa unene wake, vipande viwili vikateleza kimoja juu ya kingine, na bado vikagusana vya kutosha kuungana. Baadaye alionyesha pia jinsi ya kulisogeza taya la juu, na mataya yote mawili kwa siku moja.

Leo vipande hushikwa kwa vibati vidogo na skrubu za madini ya titani, ambazo mara nyingi hubaki humo maisha yote. Kwa kuwa hukata kupitia ndani ya mdomo, kovu kubwa usoni halipo. Mgonjwa hulala kwa nusukaputi saa kadhaa, na wengi hukaa hospitali siku moja hadi tatu.

Mpasuaji yupi?

Jina la kutafuta ni mpasuaji wa kinywa, taya na uso. Daktari wa meno wa kawaida hafanyi kazi hii. Wapo Wakenya waliosomea fani hii ng'ambo, na Chuo Kikuu cha Nairobi nacho hutoa shahada ya uzamili ya upasuaji huu.

Hatua ya kwanza haina gharama. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, lina orodha ya waliosajiliwa, na unaweza kuitafuta kwenye mtandao. Tazama mambo mawili: je, leseni yake ni ya mwaka huu? Je, ametambuliwa kuwa mtaalamu wa fani hiyo? Kibao kikubwa mlangoni si ushahidi.

Hatua ya pili ni ngumu kidogo. Kazi nyingi inayowafikia wapasuaji wa taya katika hospitali zetu ni mifupa iliyovunjika katika ajali na ugomvi, uvimbe wa taya na usaha wa meno. Mtu anaweza kuwa bingwa wa kuunga taya lililovunjwa na ajali ya bodaboda, na bado akawa hajafanya nyingi za kulikata taya zima na kulihamisha. Kwa hivyo usiulize tu, "Umefanya kazi miaka mingapi?" Uliza, "Upasuaji kama huu wa mtoto wangu umefanya mara ngapi, na wa mwisho ulikuwa lini?" Daktari mwema hakasiriki. Kuuliza si ujinga.

Sisi tuliwaona wawili. Wa kwanza alikuwa mchangamfu. Alituonyesha picha nzuri kwenye simu, akatupa siku ya karibu na bei nafuu. Nilipouliza juu ya hatari, alicheka. "Mama, usiwe na wasiwasi. Hakuna hatari yoyote." Mume wangu alitoka pale ameridhika kabisa.

Wa pili alitukalisha karibu saa nzima. Alimgeukia binti yetu kabla ya kutusemesha sisi.

"Wewe mwenyewe unataka nini?"

Mtoto alinitazama, kisha akamwambia: "Nataka kula mahindi ya kuchoma kama watu wengine."

Daktari hakucheka. Aliandika. Kisha akachukua kielelezo cha fuvu mezani na kutuonyesha njia ya mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya la chini. "Taya hili likipasuliwa," alisema, "karibu kila mtu huamka akiwa na ganzi ya mdomo wa chini na kidevu. Kwa wengi hupungua kwa wiki na miezi. Kwa wengine kipande cha ganzi hubaki daima. Siwezi kukuahidi utakuwa upande gani." Alitaja pia kutoka damu, mahali pa kidonda kuoza, vibati kuhitaji kutolewa, mfupa kurudi nyuma kidogo, na uwezekano wa kurudishwa chumba cha upasuaji. Akaeleza kwamba baada ya kupima eksirei na skani huenda akalisogeza taya la juu mbele na kuliacha la chini, au akayagusa yote mawili. Mwishowe alisema, "Kutofanya chochote pia ni uamuzi. Nendeni mkafikiri."

Nyumbani kulikuwa na mjadala wa wiki mbili. Mume wangu alitaka yule wa kwanza. Nyanya yake alitaka tusiende kwa yeyote. "Mungu ndiye aliyemuumba hivyo. Mnamkata mtoto mzima kwa ajili ya urembo?" Nilikuwa katikati, nimechoka. Ndipo msichana mwenyewe aliposema mezani: "Baba, yule wa kwanza alisema hakuna hatari yoyote. Wewe fundi wa gari akikwambia hivyo unamwachia gari?"

Baba yake alinyamaza. Tukamchagua wa pili, na jambo la kwanza alilofanya ni kumpigia simu mtaalamu wa kunyoosha meno ili wakutane.

Maswali ya kubeba

Nendeni watu wawili, mmoja aulize na mwingine aandike. Haya ndiyo yaliyotufaa:

1. Je, wewe na daktari wa nyaya mmekutana juu ya mgonjwa huyu? Mpango wenu ulioandikwa uko wapi?

2. Ni taya lipi litasogezwa, kwa nini, na kwa kiasi gani? Tusipopasua, kutatokea nini?

3. Umejuaje kwamba amemaliza kukua?

4. Umefanya upasuaji wa namna hii mara ngapi? Ni wangapi walibaki na ganzi? Ni wangapi walirudishwa kupasuliwa tena?

5. Je, naweza kuzungumza na mgonjwa wako wa zamani aliyekubali?

6. Nani atatoa nusukaputi? Je, hospitali hiyo ina chumba cha wagonjwa mahututi na damu tayari ikihitajika?

7. Usiku wa manane mambo yakienda vibaya, tutampigia nani simu?

Jibu la swali la nne likiwa "hakuna hata mmoja", fikiri mara mbili. Aliyefanya kazi hii mara nyingi lazima ameona ganzi.

Fedha na bima

Bei hutofautiana kutoka hospitali moja hadi nyingine, kwa hivyo omba makadirio ya maandishi yaliyogawanywa: ada ya mpasuaji, ya msaidizi wake, ya daktari wa nusukaputi, chumba cha upasuaji, vibati na skrubu, kitanda, dawa na ziara za baadaye. Sisi tulipouliza juu ya vibati, tuligundua kwamba havikuwa ndani ya bei ya kwanza tuliyotajiwa. Nyaya nazo hulipwa mbali.

Kampuni za bima hupenda kuuita upasuaji huu urembo. Mwombe daktari aandike barua inayoeleza kazi ya kinywa: kutafuna, kusema, kupumua, meno yanayosagika kwa kuumana vibaya. Ambatanisha eksirei. Wanachama wa SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, waulize dawati la bima la hospitali ni nini hasa kinacholipiwa, na wapate kibali kabla ya siku ya kulazwa. Ahadi ya mdomo haitoshi. Hospitali za mafunzo aghalabu huwa na bei ya chini kuliko za binafsi, ingawa foleni huwa ndefu. Kwa kuwa nyaya za kutayarisha huchukua mwaka au zaidi, muda huo unaweza pia kutumika kuweka akiba.

Matayarisho ya nyumbani

Daktari wa nyaya hataki kuona utando kwenye meno. Piga mswaki kila baada ya kula, kwa maana ufizi wenye maradhi huvuruga mpango wote. Anayevuta sigara aache wiki kadhaa kabla, kwa kuwa moshi huchelewesha kupona kwa mfupa na kidonda. Mwambie daktari kila kitu: pumu, selimundu, ujauzito, vidonge unavyomeza, na dawa za miti shamba pia.

Baada ya upasuaji uso huvimba sana, hasa siku ya pili na ya tatu, kisha hushuka kwa wiki mbili hivi. Uvimbe mdogo huweza kukaa miezi. Mataya huongozwa kwa mipira midogo, na kinywa hakifunguki vizuri. Mwanzoni ni vyakula vya majimaji tu: uji wa wimbi wenye maziwa, supu iliyochujwa, ndengu zilizosagwa na kuchujwa, mtindi. Halafu huja vyakula laini kama viazi vilivyopondwa na parachichi, hadi kiasi cha wiki sita. Wengi hupungua kilo kadhaa, kwa hivyo mgonjwa alishwe kidogo kidogo mara nyingi. Alale kichwa kikiwa juu. Weka mkasi mdogo kando ya kitanda, na muuguzi awaonyeshe namna ya kuikata mipira hiyo mgonjwa akishindwa kupumua au akitapika.

Mwanafunzi apangiwe wiki mbili hadi nne nje ya shule, na mpira wa miguu usubiri miezi. Ndiyo maana familia nyingi huchagua likizo ndefu.

Sisi tumechagua hii inayokuja. Binti yetu sasa ana miaka 18 na amemaliza Kidato cha Nne. Meno mawili ya juu yametolewa, nyaya zimefanya kazi yake, na kwa kweli kidevu chake leo kinaonekana kimetangulia kuliko siku tuliyoanza. Wiki iliyopita mpasuaji na daktari wa nyaya walikaa naye tena pamoja, wakapima, wakakubaliana kwamba yuko tayari.

Karatasi ya ridhaa safari hii hakutia sahihi mzazi. Aliisoma mwenyewe, ukurasa baada ya ukurasa, akauliza tena juu ya ganzi, akajibiwa vile vile kama miaka miwili iliyopita. Kisha akaandika jina lake. Nyanya yake, ambaye bado anasema tungemwacha alivyoumbwa, ameahidi kuja kukaa nasi apike uji.

Na yale mahindi ya kuchoma? Daktari amesema yasubiri miezi kadhaa baada ya upasuaji. Msichana ameyaweka kwenye kalenda.